Flopi ya Kumi na Moja

Nilikuwa mjuaji, na mjuaji akiachiwa kompyuta ni balaa. Ofisi ya chama chetu cha wakulima pale Kilosa ilikuwa nayo moja tu, ikiganda kila baada ya nusu saa. Rafiki yangu aliyesoma Morogoro akaniletea boksi la flopi ishirini, zile diski bapa za zamani: mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, wa ukoo wa Unix, aliodai haugandi wala hauingiwi na virusi. Nikaona nimepata.

Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na orodha ya watu waliolima kwenye mashamba ya mkonge yaliyotelekezwa, Rudewa. Ubinafsishaji ulikuwa umefika, mnunuzi yuko njiani, na ambaye jina lake lisingepelekwa wilayani Ijumaa asingehesabika kuwa na shamba. Niliinakili orodha kwenye flopi ya ofisi. Sikuifungua kuhakikisha. Kisha mfumo mpya uliponiuliza kama nifute kila kitu, nikajibu ndiyo.

Flopi kumi za mwanzo zilikubali. Ya kumi na moja ikakwaruza. Nikaitoa, nikaipuliza, nikaipangusa kwa shati, nikairudisha, ikakwaruza vilevile. Nikaanza upya kutoka ya kwanza, mara tatu, kwa siku mbili, umeme ukikatika na mimi nikimwomba Mungu kwa sauti. Mwishowe nikaipeleka ile flopi ya orodha kwenye kompyuta ya misheni. Haikusomeka. Nilipokisogeza kibati chake nikaona ndani umeota ukungu mweupe wa masika. Nililia, na sioni aibu kusema.

Mwenyekiti hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Alisema majirani wanajuana. Alhamisi akawakusanya watu kule kule Rudewa, kila mmoja akamtaja anayepakana naye, mstari kwa mstari, hata wale wasiokuwepo, yeye akiandika kwenye daftari.

Mimi sikwenda. Aliniita, nikamwambia nabaki kutengeneza nilichoharibu. Nilikuwa na shamba dogo pale, na jirani wa upande wa juu alinitaja. Siku nzima nilikaa na flopi ya kumi na moja, nikiiingiza na kuitoa. Ijumaa daftari likapelekwa, likagongwa muhuri.

Wiki iliyofuata shangazi yangu alirudi kutoka Vidunda, alikokwenda kumwuguza binti yake aliyejifungua. Shamba lake lilikuwa la mwisho kabisa. Upande mmoja mto, upande wa pili mimi. Alikuja ofisini na kanga yake ya safari, miguu ina vumbi.

Nikasimama. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu." Alikaa, akaitazama mashine, akanitazama mimi. "Nasikia kila mtu alitajwa na jirani yake. Wangu ni nani?"

Alikuwa anamjua. Alitaka nilitamke mwenyewe.

"Ni mimi, shangazi."