Samadi Iliyouponza Mti wa Mama Mkasi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mama Mkasi anakata maua. Si ya kuuza wala ya kupamba meza. Anakata yaliyochakaa, nyuma kidogo tu ya pale ua linapoishia, na kila moja likianguka analisukuma kwa mguu bila kuliangalia.

"Hapa ndipo watu wanapokosea," anasema. "Wanaogopa mkasi. Ukiliacha ua likauke hapo, mti unabeba vifuko vya mbegu miaka na miaka. Unarefuka, chini mtupu, kama mzee aliyevaa kofia tu."

Kitalu chake kiko kando ya barabara, kati ya duka la vifaa vya ujenzi na fundi wa baiskeli. Anaotesha maua ya aina nyingi, lakini uliomtoa kimaisha ni mti wa brashi: kichaka chenye majani membamba na maua mekundu yenye nyuzi zilizosimama pande zote. Ukiliona ua lake huwezi kukosa kukumbuka brashi ya kuoshea chupa ya mtoto. Msimu ukiwa mzuri, huuza miche kama mia tatu. Kwa miche hiyo amesomesha watoto wawili na kuezeka nyumba upya, na wala hasemi hilo kwa kunong'ona.

"Kazi hii naijua, nisikufiche," anasema. "Mtu akinunua kwangu mti ukamfia, ajiulize kwanza ameufanya nini."

Mwaka jana swali hilo lilimgeukia mwenyewe.

Nyuma ya kitalu kuna mti mama. Marehemu mumewe, aliyekuwa mtunza bustani wa ofisi moja, alikuja na kijiti chake siku ofisi ilipong'oa kichaka kizima ili magari yapate pa kuegeshwa. Alikibeba ndani ya gazeti lililoloweshwa maji. Ua lake ni jekundu la kukolea na matawi yake huinama, na miche yote ya brashi ambayo Mama Mkasi ameiotesha tangu abaki mjane imetokana na vijiti vya mti huo.

Kwa nini asipande mbegu? Anacheka. "Mbegu zake ni vumbi. Ukipiga chafya, shamba limehama! Halafu mtoto wa mbegu ana akili zake: huyu mfupi, yule ua limepauka. Kijiti ndicho kinachotoka sawasawa na mama yake."

Kila Jumamosi wifi yake, dada wa marehemu, huja kumsaidia kumwagilia. Wawili hawa hutaniana tangu siku ya harusi na hawana dalili ya kuchoka. Mwaka jana wifi aliona mti mama umetoa maua machache, akausikitikia. Mama Mkasi akiwa amesafiri kwa bintiye aliyejifungua, wifi alijaza magunia samadi ya kuku kutoka bandani kwake, akaimwaga yote shinani, akamwagilia na kuondoka akiimba.

"Nilijua namlisha," anasema wifi. "Mahindi yangu yanaipenda hiyo samadi hadi basi. Nani angejua kuna mti usiotaka kushiba?"

Mti wa brashi umezoea udongo wa dhiki, na samadi kali huunguza mizizi yake. Mama Mkasi aliporudi, alikuta majani yamekuwa ya njano na ncha zake zimekauka.

"Nilimwambia maneno ambayo sitaki uyaandike," anasema.

Siyaandiki, ingawa wifi alinisimulia yote, kwa kuigiza sauti ya mwenyewe, na moja lilinichekesha hadi nikaweka kalamu chini.

Waliikomba samadi, wakaumwagia mti maji mengi kuusuuza udongo. Upande mmoja ulikauka kabisa. Vijiti walivyokata upande uliobaki vilioza kabla ya kuota. Ndipo Mama Mkasi alipogundua kosa lake mwenyewe: miaka yote hiyo hakujiwekea hata mche mmoja wa akiba. Kila ulioota aliuuza. Wahenga walisema mganga hajigangi.

"Nilikaa chini nikalia," anasema. "Mti ukifa, kazi ya mume wangu imeishia mikononi mwangu. Wifi alikosea siku moja tu. Mimi nilikuwa nakosea kila msimu."

Wakaanza kuzunguka kwa wateja wa zamani kuomba vijiti vya miti waliyowahi kuwauzia. Mmoja alikuwa ameukata mti wake ajenge ukuta. Mwingine alikuwa ameupogoa hadi kwenye shina kuukuu lisilo na jani, na hapo ni nadra mti huu kuchipua tena. Hatimaye, getini kwa mkunga mstaafu, waliyaona matawi yanayoinama na lile ua jekundu lao.

"Watu nimezalisha wengi," mkunga aliwaambia. "Mti sijawahi. Kateni."

Hawakukata. Mti ulikuwa katikati ya kuchanua na machipukizi yake bado yalikuwa laini, nayo yakikatwa hivyo huoza. Ikabidi warudi nyumbani mikono mitupu, wasubiri maua yaishe na machipukizi yakomae kidogo, huku mti wao ukiendelea kupukutika. Walipokata, walichukua vijiti vya urefu wa kiganja, wakavitoa majani ya chini, wakavichomeka kwenye mchanga na kuvifunika kwa nailoni.

Leo ndiyo siku ya kuvijaribu. Kijiti hushikwa kwa vidole viwili kikavutwa kidogo sana. Kikija, hakina mizizi. Kikigoma, kimeshika.

"Vuta wewe," Mama Mkasi anamwambia wifi yake.

"Mimi? Mama nimemlaza hoi, sasa unataka niue na watoto?"

"Vuta, wifi."

Cha kwanza kinakuja, cheusi chini. Cha pili vilevile. Wifi anafuta mikono kwenye khanga na kutazama pembeni. Cha tatu wifi anakishika kama anayegusa sufuria ya moto.

"Kimegoma," anasema taratibu. Kisha kwa sauti ya kusikika hadi kwa fundi wa baiskeli: "Wifi, kimegoma!"

Vinavyofuata navyo vinagoma, zaidi ya nusu ya vijiti vyote. Wifi anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kulia waziwazi.

"Kaka yangu alipokufa, wewe ulibaki na watoto wake, na nyumba yake," anasema. "Mimi nilikuwa na huu mti wa Jumamosi. Namwagilia huku namsimulia mambo yangu. Siku ile nikajiona, kila siku nakuja mikono mitupu kwa ndugu yangu. Ndiyo nikamletea samadi."

Mama Mkasi anafunika vijiti kwa nailoni, kingo zote nne, polepole. Anasubiri wifi aende bombani kunawa uso.

"Miaka yote nilijua ni mti wa mume wangu," ananiambia. "Haikunijia hata siku moja kwamba ni wa kaka wa mtu."

Mti mama, anaamini, utapona upande wake mmoja, maana umeanza kuchipua. Hata usipopona, safari hii miche miwili itabaki kitaluni na haitauzwa kwa yeyote. Kati ya mingine, ule utakaotangulia kujaza mizizi kifuko chake cha kuoteshea ataupeleka kwa wifi yake kabla ya mvua, aupande kwa mkono wake.

Wifi anarudi akijifuta uso. Mahali ameshapachagua: chini ya dirisha la chumba chake, penye jua kutwa.

"Na usipotoa maua utafanya nini?" Mama Mkasi anamuuliza.

"Nitakuita wewe, wifi. Lakini hata usipotoa, wacha uwepo. Nikifungua dirisha asubuhi niuone kabla sijaona mtu mwingine."