Macho ya Mama Okelo

Nilipokuwa mtoto pale kwetu karibu na Magunga, shangazi Akinyi ndiye aliyeniambia kwanza kwamba Mama Okelo ana sihoho, jicho linalomdhuru mtu kwa kumtazama tu. Mama Okelo alikuwa mjane aliyeuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni.

"Ukimwona, funika uso," shangazi alisema, "usije ukaharibika kama mimi."

Nilimwamini, kwa sababu uso wake niliuona ukiharibika. Alikuwa karibu kuolewa. Kila jioni alijipaka mafuta meupe kutoka kwenye kikopo chenye kifuniko cha dhahabu, akang'aa hata watu wakageuka njiani kumtazama. Nyanya peke yake hakufurahi.

"Usichojua kimepikwa na nini, unakipakaje usoni?" alimwuliza.

Tulicheka. Sisi nyanya alitupaka samli ya ng'ombe, tukaenda shuleni tukinuka maziwa.

Siku moja sokoni Mama Okelo alimwita kwa furaha, "Akinyi, leo unawaka kama taa!" Haikupita wiki, mashavu ya shangazi yakaanza kuwasha, yakachubuka, kisha yakawa meusi kama sufuria ya kuni. Akaitwa mtu wa kutoa sihoho, akamchanja kwa wembe na kumsugua kwa majani. Shangazi naye akazidisha yale mafuta ili apone haraka. Watu wa upande wa mchumba walikuja, wakanywa chai, wakaondoka wasirudi.

Tangu hapo sisi watoto tulipopita penye meza ya Mama Okelo tulivuta sweta mpaka machoni. Yeye aliinamia omena zake, akijifanya anachagua mchanga.

Mwaka huu nimerudi nyumbani kumlea mtoto wangu wa kwanza. Mimba iliniachia madoa usoni, na mimi ni mtu wa haya, kwa hiyo nilinunua mafuta ya kuyaondoa. Madoa yalifutika upesi. Kisha shavu la mtoto, lile analoliegemeza kwenye langu nikimbembeleza, likatoka vipele vyekundu.

Shangazi alipomwona alishtuka. "Nani alimsalimia Jumapili?"

"Mama Okelo, nje ya kanisa."

Akapiga makofi. "Si nilisema? Kesho jioni naita wazee. Safari hii huyo mama atahama!"

Mchana huo nilikimbia kliniki. Muuguzi alimtazama mtoto, kisha akanitazama mimi. "Unajipaka nini, mama?"

Nikatoa kikopo mkobani. Alisoma ubavuni taratibu, kidole chake kikasimama kwenye neno refu.

"Hii ni zebaki, wameiandika kwa jina lingine. Mwanzo hung'arisha, baadaye huharibu ngozi, na ikiingia mwilini huumiza figo. Ukimwekea mtoto shavu, umempaka na yeye. Na kikopo kisichoandikwa kitu usikiguse kabisa."

Nilimshika mtoto kama mtu aliyemnyakua mbele ya gari. Kwa sauti ndogo nikauliza kama mtu anaweza kumchubua mwenzake kwa macho.

Muuguzi akacheka. "Mimi natazamwa na watu kutwa nzima, mbona bado mrembo?"

Alinielekeza jinsi ya kumwosha mtoto, akaniambia nimrudishe apimwe. Mafuta alibaki nayo, mimi nikaondoka na kifuniko chake cha dhahabu tu. Nilikiweka mkononi mwa shangazi, nikamweleza yote. Alikigeuza, akakigeuza tena. Mkono wake mwingine ukapanda polepole hadi shavuni, pale penye weusi ambao haukutoka mpaka leo.

"Ni hiki," alisema. "Kilikuwa hiki hiki." Habari ya wazee hakuitaja tena.

Usiku ule sikupata usingizi. Nilikuwa nimeogopa macho ya mtu ambaye kosa lake lilikuwa kumsifu msichana. Miaka yote hakuna aliyemtazama usoni vizuri, hata tujue ana macho ya namna gani.

Asubuhi yake nilimbeba mtoto mpaka sokoni. Mama Okelo, sasa mzee, aliniona nikija akainamisha kichwa haraka.

"Mfunike mtoto, nyathina, mwanangu," alisema. "Nisije nikasingiziwa tena."

Nikaondoa shali kichwani mwa mtoto, nikamweka mapajani mwake.

"Mtazame, mama," nikamwambia. "Mtazame mpaka utosheke."