Mpunga Umechelewa, Mimba Haikuchelewa

"Restituta, ukifia huko shambani tukuzike wapi, huko huko kwenye majaruba?"

Stefania, jirani yake hapa kijijini Mbingu, alimuuliza hivyo mwaka juzi, ndoo ikiwa kichwani. Restituta akacheka. "Nizikeni pembeni, dada, msije mkanikanyagia mpunga." Yakaishia hapo. Siku chache baadaye akajifungua Luciana, mtoto wake wa tano, kwenye kibanda cha shambani, bila nesi. Aliyempokea mtoto ni mama mkwe wake, bibi Philomena.

Restituta hospitali haichukii. Mtoto wa kwanza alimzalia mjini Ifakara, akakaa huko wiki tatu akisubiri uchungu, na anasema manesi walimtunza vizuri. Ila aliporudi shambani alikuta ndege wamemaliza, masuke yamebaki makapi. Mwaka ule walikula kwa kufanya vibarua kwenye mashamba ya watu. Toka hapo akasema basi, anazalia shambani. Wanne wakazaliwa kule, akiwa na kazi yake karibu.

Kwa Luciana damu ilitoka nyingi mno. Bibi Philomena alishika rozari mkono mmoja na khanga mkono mwingine, mpaka Mungu akasaidia ikakata. Restituta alikaa miezi mitatu akiona kizunguzungu kila akiinama. Kliniki hakusema. Aliniambia mimi tu, tukitoka sala ya jumuiya yetu ndogo ya kanisani ninayoiongoza, na sasa ameniruhusu niandike.

Hii ni mimba ya sita. Nesi alimwambia aende mjini mapema akasubiri, na safari hii alikubali kweli, maana ile damu imemtia hofu. Akapiga hesabu zake kama tunavyopiga sisi wakulima: mpunga ukishavunwa, ndio mimba itakuwa inafika. Lakini mwaka huu mvua zilikawia. Alichelewa kupanda karibu mwezi mzima. Sasa mpunga ndio kwanza uko kwenye maziwa, punje bado majimaji, wakati ambao ndege wanaupenda, na tumbo limeshashuka. Mumewe, Beatus, yuko Kidatu kwenye miwa. Watoto wakubwa wako shule. Bibi Philomena macho hayaoni tena.

Jumatano tulimfuata, mimi na Stefania, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Tulimkuta juu ya dungu, lile jukwaa la miti la kulindia shamba, anavuta kamba yenye makopo kuamia ndege, wasile mpunga. Miguu imevimba hadi ndala hazimwingii.

"Shikamoo, mama," akaniamkia kutoka juu.

"Marahaba, mwanangu. Shuka tuongee."

"Nikishuka mimi, na ndege wanashuka."

Stefania akamwambia, "Kwani hao ndege ni ndugu zako?"

"Afadhali wao. Wanakuja kila siku kuniona, nyie mmekuja leo."

 Stefania akaketi kwenye tuta, akavua viatu.

Nikamuuliza Restituta kama anakumbuka ile damu. Akasema anaikumbuka kila akipanda ngazi ya dungu, na kila akishuka. Akamsimulia Stefania yote, bila kulia, kama mtu anayesimulia habari ya mtu mwingine. Stefania akafunika uso na khanga. "Na mimi nilikutania mambo ya kuzikwa," akasema. "Nisamehe, dada."

"Nilicheka mwenyewe. Nimechoka tu. Nikienda mjini nitalala pale nawaza hawa watoto watakula nini. Nikibaki hapa nawaza nani atawalea. Yote mawili nayawaza huku navuta kamba."

Nikamwambia tutamweka kwenye nia za jumuiya Jumapili, wote tumwombee. Nilikuwa sina kingine mkononi. Kundi la ndege lilitua upande wa mtoni, Restituta akavuta kamba mara mbili, tatu, wakaruka, wakaenda kutua mbele kidogo. Akapumzika, mkono kwenye kiuno, halafu akaongea taratibu.

"Maombi nayataka, mama, niombeeni. Lakini siku hiyo ya jumuiya naomba uwasomee na hili: natafuta mtu mmoja wa kuniamia ndege wiki tatu, kuanzia Jumatatu, awe anafika kabla jua halijatoka. Akipatikana, mimi naenda hospitali."