Siku Arobaini na Moja za Mashine ya Ghorofa ya Chini

Chuoni kote walimwita Bwana Sharti, na jina hilo hakulichukia. Kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa moja tu: kuhakikisha vyombo vya utafiti vinavyoagizwa ng'ambo vinaingia bila kutozwa ushuru. Yeye ndiye aliyejaza fomu, akaeleza chombo ni cha nini, akathibitisha kwamba hakuna kiwanda nchini kinachotengeneza cha namna hiyo. Wala hakuthibitisha kwa mdomo mtupu. Aliwaandikia wenye viwanda mmoja mmoja kuwauliza, na majibu yao akayabana kwenye faili. Fundi mmoja wa mizani za dukani alimjibu, "Bado hatutengenezi, ila mkituletea mchoro tutajaribu." Na hilo nalo likabanwa.

Msimcheke. Mtu wa aina hiyo ukimkosa ofisini ndipo unapomjua. Mwaka mmoja idara ya jirani ilichukua mashine yao iliyosamehewa ushuru, wakaanza kupimia wateja wa mtaani kabla miaka mitano ya sharti la utafiti haijaisha. Maofisa wa forodha walikuja asubuhi na waya na lakiri za risasi, wakaifunga isitumike, na wanafunzi wanne wakapoteza kazi ya miaka miwili. Bwana Sharti alikuwepo. Tangu siku hiyo, kila chombo kilichoingia kilibandikwa karatasi kwa mkono wake: KWA UTAFITI TU, MIAKA MITANO.

Mashine ya ghorofa ya chini, chini kabisa ya ofisi yake, nayo ilikuwa na karatasi hiyo. Ilikuwa na kazi ya kutafuta madini yaliyojificha kwenye maji, kwenye udongo, hata kwenye damu. Haikuzimwa, usiku wala mchana. Pampu yake ilinguruma kwa sauti ya chini, na ukiweka kiganja juu ya meza ya Bwana Sharti uliisikia ikitetema.

Sasa, Bwana Sharti alikuwa na dada yake mkubwa. Mama yao alifariki yeye akiwa na miaka saba, na dada huyo ndiye aliyemwogesha, akamvisha sare, akamfundisha herufi kwa kutumia maboksi ya sabuni. Alipozeeka alianza kufa ganzi vidole. Nywele zikapukutika, akakonda mpaka bangili zikawa zinamtoka zenyewe. Daktari alishuku sumu ya madini, lakini akasema kipimo chake hakuna hospitali iliyo nacho, na bila kipimo hathubutu kumwanzishia dawa.

Fundi wa maabara ya chini alipopata habari alipanda ngazi mwenyewe.

"Mzee, niletee kichupa kimoja cha damu yake," alisema. "Saa moja tu, majibu unayo mkononi."

"Huyo ni mgonjwa, si utafiti," Bwana Sharti alijibu.

"Ni dada yako."

"Ndiyo maana siwezi. Nikianza na wangu, kesho nitamkataza nani?"

Jioni alikwenda kwa dada yake. Alikuwa ameshapiga hesabu. Miaka mitano ilikuwa ukingoni, zimebaki siku arobaini na moja, na baada ya hapo mashine ingekuwa huru, ampime amtakaye. Alimweleza yote hayo akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda, bila kumtazama usoni. Dada yake alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nitasubiri, mdogo wangu," alisema. "Siku arobaini na moja si nyingi."

Akamwomba binti yake amshushie kalenda ya ukutani na ampe kalamu. Kila asubuhi alikata siku moja. Alikata kumi na tisa.

Msibani watu walinong'ona, maana watu hawakosi la kusema. Binti wa marehemu ndiye aliyewanyamazisha. Aliwaambia mama yake aliacha neno, mjomba asilaumiwe, sheria haikumruhusu. Bwana Sharti alilishika neno hilo kama mtu anayeshika ukuta gizani. Lakini ofisini hakupata raha. Pampu ikinguruma alisikia, nitasubiri, mdogo wangu, nitasubiri. Alihamisha meza hadi dirishani. Akatandika gazeti chini ya miguu ya meza. Ikawa vilevile.

Siku ya arobaini na moja ilipofika, aliitoa faili ili aandike barua ya kuufunga msamaha. Fomu ya kufunga ilitaka tarehe ya hati ya forodha. Hati hiyo ilikuwa chini kabisa, na hakuwa ameigusa tangu aibane. Aliifungua, akasoma tarehe, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

Miaka mitano huhesabiwa tangu mzigo unapopita forodha. Yeye alihesabu tangu mashine ilipowashwa. Dhamana ya mtengenezaji ndiyo inayohesabiwa hivyo, na dhamana pia zilikuwa kazi yake, hivyo tarehe ya kuwashwa ndiyo aliyoiandika juu ya faili kwa wino mwekundu. Na katikati ya tarehe hizo mbili, sanduku la mashine lilikuwa limelala bohari miezi minane, kwa sababu mlango wa maabara ulikuwa mwembamba na ilibidi ukuta uvunjwe.

Siku ile fundi alipopanda ngazi, mashine ilikuwa huru kwa zaidi ya miezi sita.

Mkuu wake wa kazi aliitazama hati, akaitazama faili, akashusha pumzi. "Weka tarehe sahihi, saini, peleka," alisema. "Forodha watafurahi tumechelewa badala ya kuwahi. Hayo mengine hayamhusu mtu."

Lilikuwa neno zuri, na lilimtamanisha. Angeweza kunyamaza, na mpwa wake angeendelea kumtetea mpaka wazeeke wote wawili. Bwana Sharti aliandika barua, akatoa nakala, akaikunja na kuitia mfukoni. Akaenda.

Alimkuta binti huyo sebuleni, amesimama mbele ya kalenda, iliyorudishwa ukutani, na kalamu mkononi. Siku kumi na tisa zilikatwa kwa mistari iliyotetemeka. Zilizofuata zilikatwa kwa mistari iliyonyooka.

"Karibu, Mjomba," alisema. "Nilijua utakuja. Leo ndiyo siku yenyewe, nami sikutaka hesabu ya Mama ibaki nusu." Akakata ya mwisho.

Bwana Sharti alimpa barua. Akakaa kabla ya kukaribishwa kiti. Akamweleza tarehe ya forodha, tarehe ya kuwashwa, miezi minane ya bohari, kwa sauti ileile aliyowaelezea wanasayansi masharti yao. Mpwa wake aliisoma barua mara mbili. Kisha akaigeukia kalenda.

"Kwa hiyo Mama alikuwa anasubiri nini, Mjomba?"

Viganja vya Bwana Sharti vilikuwa juu ya meza ya sebuleni, nusu saa kwa miguu kutoka chuoni iliko pampu, na meza ilikuwa inatetema.