Kijiwe Mfukoni mwa Jennifer

Kiprono humshuku hata anayemsalimia. Nimelinda naye mlango wa ukumbi huu wa maonyesho hapa Doha mwaka mzima, na bado hunusa chai niliyomtilia kabla ya kuinywa. Ananiudhi sana, ila kwa ulinzi hana mfano.

Safari hii tunalinda mawe kutoka Poland, ya mchanga na ya chokaa, yaliyojenga makanisa ya huko miaka elfu moja iliyopita. Waashi wa enzi hizo hawakuwa na saruji. Walichoma chokaa, au jasi, lile jiwe jeupe la plasta, kuunganishia mawe. Chembe nyeupe za mabaki hayo zimewekwa kwenye sinia, wazi.

Basi chembe zikaanza kupungua. Kiprono akamkazia macho Jennifer, anayesafisha ukumbi, kwani alimwona akitafuna na kujifuta weupe mdomoni.

"Huyu dame anakula kanisa la watu," akaninong'oneza.

Nilicheka. Yeye akamwita msimamizi wetu, Githinji, kwa redio, kisha akamzuia Jennifer mlangoni.

"Toa kilicho mfukoni."

Jennifer akatoa kijiwe, machozi yakimlengalenga. Kiprono alikitambua mara moja. Ilikuwa odowa, lile jiwe laini ambalo wajawazito kwetu hulitamani; mkewe mwenyewe alilitafuna miezi yote ya mimba. Jennifer ana mume, Tony, dereva anayeishi mtaa wa Najma hapa Doha, lakini kampuni yetu humrudisha nyumbani kila anayepata mimba.

"Kaka, tafadhali," Jennifer alisema. "Nitafutwa."

Githinji huyo akaingia. "Ni nini hiyo?"

Kiprono alikinyakua kile kijiwe, akakitia mdomoni, akatafuna. Nilimwonea huruma.

"Ni odowa yangu, bosi. Nilimpa anishikie."

"Odowa? Mwanaume mzima?"

"Nimezoea tu."

Githinji alicheka hadi akashika ukuta. Baadaye tukagundua kumbe chembe zilikuwa zikichukuliwa na mtaalamu wa Poland mwenyewe, aliyekuja na mawe hayo. Huzidondoshea siki mbele ya wageni kuonyesha tofauti: chokaa hutoa povu, jasi hutulia. Hakuwa amemwambia mtu.

Lakini Githinji naye si mwepesi wa kuamini. Kila asubuhi hupita kuona kama kweli Kiprono anatafuna. Kwa hiyo Jennifer humletea kipande, na Kiprono, asiyekunywa chai yangu bila kuinusa, hukitia mdomoni bila hata kukitazama.