Posa ya Mita Elfu Nne

Nilipoanza kuposa nilikuwa na shamba la mita za mraba elfu nne, na sikutaka hata kunguru wa Lushoto apitwe na habari hiyo.

Shamba lenyewe halikuwa jipya. Ni lile lile nililogawiwa na marehemu baba, upande wa Lukozi, limeinama kiasi kwamba boga likikuponyoka unakwenda kuliomba kwa jirani wa chini. Siku zote tuliliita ekari, ingawa ekari haikutimia. Kisha akaja bwana shamba na utepe wa mita, maana nchi ilikuwa imehamia kwenye mita na kilo. Akapima urefu themanini, upana hamsini, akazidisha, akanitajia elfu nne. Elfu! Jioni ile nilirudi nyumbani natembea polepole, kama mtu mwenye mali.

Binti niliyemtaka nilimjua gulioni, akiuza mapeasi. Nilimpenda, sina haja ya kuzungukazunguka. Tatizo lilikuwa baba yake. Alikuwa balozi wa nyumba kumi, na enzi zile za Ujamaa hakuna aliyewalaani makabaila, mabepari na makupe kwa sauti kubwa kumshinda yeye. Watu wote walimwita Balozi, hata ndugu zake wa kuzaliwa.

Nikamtuma mjomba wangu awe mshenga. Mjomba hakuwa mwongo, ila ukweli mdogo ulikuwa ukimchosha. Akarudi anachekacheka.

"Nimemwambia kijana wetu ana elfu nne. Balozi kanyamaza kimya. Kwisha habari yake!"

Jibu lilitufikia baada ya juma moja, nalo lilikuwa fupi: Balozi haozi binti yake kwa kabaila.

Kabaila, mimi! Kiatu changu cha kulia kilikuwa kimefungwa kwa waya. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa, ila hapa mdomo ulikuwa wa mjomba na kichwa kilikuwa changu. Nilimnunia mjomba, nikamnunia bwana shamba, nikainunia na mita. Gulio lililofuata nilipita mbele ya mapeasi nimevimba mashavu. Binti akaendelea kupanga mafungu yake bila kunitazama.

"Acha kununa," akasema. "Njoo nyumbani ulipunguze hilo shamba."

Alijua anachosema. Kila alasiri nilikuwa nikifundisha hesabu kwenye darasa la watu wazima. Baba yake aliwahimiza watu wa nyumba zake kumi wote wahudhurie, lakini mwenyewe hakukanyaga hata siku moja. Alisema kiongozi ana kazi nyingi.

Basi tukaenda, mimi na mjomba.

"Shikamoo, Balozi."

"Marahaba."

Niliomba ruhusa, nikaokota kijiti, nikachora mraba kwenye udongo wa uwanja wake.

"Balozi, tuseme kila upande wa mraba huu una mita mia. Mia mara mia ni elfu kumi. Hizo elfu kumi ndizo hekta moja, na mashamba siku hizi yanahesabiwa kwa hekta."

"Na lako?"

"Elfu nne, gawa kwa elfu kumi. Sifuri nukta nne."

"Sifuri?"

"Nukta nne, Balozi. Hata nusu hekta halifiki. Kwa hesabu ya zamani ni ekari moja kasoro."

Akamgeukia mjomba. "Siku ile ulikuja hapa na elfu. Leo umeniletea nukta. Sasa mwanangu atakula nukta?"

Mjomba alianza kuchunguza kucha zake. Jikoni wanawake waliangua kicheko, na kicheko kimoja nilikijua. Mara ya kwanza nilikataliwa kwa utajiri, na sasa niliona wazi nakataliwa kwa umaskini, kwa shamba lile lile.

Balozi akainuka, akamwambia mjomba aende nyuma ya nyumba akamwone ng'ombe wake mpya. Mjomba aliondoka kwa furaha ya mtu aliyefunguliwa kamba. Hapo Balozi akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya: akachuchumaa kando ya mraba wangu, akashusha sauti.

"Hii kupungua ukigeuza. Inapungua kwa kila mtu, au kwa maskini tu?"

"Kwa kila mtu, Balozi."

"Hebu geuza elfu kumi na mbili."

Nusura niulize ni za nani. Uso wake ukanifunga mdomo. Bwana shamba alikuwa amepita na kwake, kumbe, na mzee huyu alikuwa akizibeba zile elfu peke yake. Kila alipoinua mkono mkutanoni kumlaani kabaila, alijiogopa mwenyewe. Wa kumwuliza hakuwa naye, maana angekaaje darasani na watu wa nyumba zake kumi? Nilimhurumia sana, mimi niliyeingia pale nikimwogopa.

"Hekta moja nukta mbili," nikasema, naye akanitazama bila kupepesa macho. "Ekari tatu hazitimii. Mwenye shamba hilo ana watoto wangapi?"

"Wanane."

"Basi huyo si kabaila. Huyo ni mkulima mwenye watoto wengi."

Alivuta pumzi ndefu, kisha akacheka. Alicheka akipiga ardhi kwa kiganja mpaka hekta yangu yote ikafutika. Mkewe akachungulia kuona kuna nini, na Balozi akamwambia kwa Kishambaa alete chai, na binti ndiye aje kuimimina. Mjomba, aliyekuwa anarudi kutoka kwa ng'ombe, alisikia neno hilo akanikanyaga mguu.

Wakati wa kuaga niliinama kwa adabu, na kwa furaha nikamwamkia upya badala ya kuaga.

"Shikamoo, Balozi."

Hakuitikia. Nikadhani nimeharibu tena, nikarudia kwa sauti zaidi. Yeye akatikisa kichwa.

"Balozi ni kule mkutanoni. Hapa nyumbani sema vizuri."

Nikainama tena. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."