Maziwa Yasiyouzwa

Nilimaliza chuo nikarudi Nangwa kulima na kukamua na Baba huku nikisubiri ajira. Nilikuwa mzima, ila mwenye wasiwasi. Hata chafya niliitafutia maana.

Kisha nikaanza kuhara damu na kamasi. Nilikwenda chooni mara kumi kwa siku, tumbo likininyonga. Suruali zikawa zinafungwa kwa kamba. Hospitalini walikuta utumbo mpana umejaa vidonda. Dawa za kawaida zikashindwa. Daktari akasema huenda utumbo ukakatwa, nijisaidie kwenye mfuko ubavuni maisha yangu yote.

Kulikuwa na njia moja bado, ya utafiti: vidonge vya bakteria wa tumboni, waliobadilishwa maabara ili watengeneze dawa palepale penye vidonda.

"Wakinigeuka je, daktari?"

"Tutakufuatilia. Antibiotiki huwaua, kwa hiyo usitumie yoyote bila kuniambia."

Nilisoma fomu mara tano, nikasaini.

Wiki ya tatu damu ilikoma. Wiki ya tano ikarudi. Nikaamini bakteria wamenigeuka. Nikaandika barua ya kujitoa, nikijua kinachofuata ni kisu.

Mama akanikuta nayo, akaniwekea kikombe cha maziwa.

"Kunywa, mwanangu. Hii wiki ya pili yote ni yetu, hayauzwi."

"Kwa nini?"

"Yule ng'ombe wa madoa anaumwa kiwele. Anachomwa sindano."

Nikakisukuma kikombe. Tuliwakinga wateja, mimi nikanyweshwa ninenepe.

"Si yamechemshwa?" Baba akafoka kutoka mlangoni. "Digrii yako inaogopa maziwa?"

"Baba, nisomee chupa ya dawa."

Akaisoma, nami nikampigia daktari.

"Hiyo ni antibiotiki, na kuchemsha hakuiondoi yote. Huenda imewaua bakteria wako, siwezi kuapa. Acha hayo maziwa. Njoo tukupime, tuone kama tutaanza upya."

Nikachana barua.

Miezi minne baada ya kuanza vidonge upya, kamera ilionyesha vidonda vimefunga. Utafiti unaendelea, na mimi bado nafuatiliwa. Namshukuru Mungu, daktari, na wazazi wangu walionilisha kwa upendo hata walipokosea. Wewe unayeumwa, mwambie daktari kila unachokula na kunywa, hata dawa ya ng'ombe wako. Na usijitoe kwa hofu kabla hujauliza.

Siku hizi ng'ombe akichomwa sindano, Baba humfunga kitambaa chekundu kwenye pembe, na maziwa yake humwagwa. Jana alinipa kikombe. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Ya yule mweusi. Kunywa, bwana digrii."

Nikanywa.